Namna ya Kutambua Asili na Umri wa Upanga wa Afrika Magharibi

Anayeshika upanga wa kale wa Afrika Magharibi kwa mara ya kwanza huuliza maswali mawili: umetoka wapi, na una miaka mingapi. Maswali hayo hayana jibu moja, kwa sababu mara nyingi upanga mmoja ni kazi ya mafundi watatu ambao hawakupata kuonana: aliyefua bapa, aliyetia mpini na aliyeshona ala. Bapa linaweza kuwa lilifuliwa Solingen, Ujerumani, katika karne ya 18, mpini ukatiwa Kano miaka 100 baadaye, na ala ikashonwa Agadez wakati Wafaransa wanatawala Niger. Atakayetazama bapa peke yake atasema upanga ni wa Kijerumani, na atakayetazama ala peke yake atasema ni wa juzi, wa Watuareg, watu wa Jangwa la Sahara. Wote wawili watakuwa wameona kweli na wote wawili watakuwa wamekosea, kwa kuwa kila sehemu ina asili yake na umri wake, na kazi ya mchunguzi ni kuzisoma moja moja kabla ya kuzijumlisha.

Watu wa pwani yetu hawapaswi kulishangaa jambo hili. Ule upanga mrefu ulionyooka wenye makali pande mbili, ambao Waarabu wa Unguja na Mombasa waliuvaa na Waswahili wakauita upanga wa feleji, nao mara nyingi ulikuwa na bapa la Ulaya lililotiwa mpini na fundi wa huku. Bapa zuri lilisafiri kama bidhaa yoyote ya thamani, nalo lilidumu kuliko mkono uliolishika.

Katika mwongozo huu nitarejea mara kwa mara kwenye upanga mmoja ambao rafiki yangu aliununua kwa mchuuzi wa vinyago jijini Nairobi. Aliambiwa kwamba ni upanga wa Vita vya Msalaba, ulioachwa na askari wa Ulaya huko Afrika ya Kaskazini kisha ukavuka Sahara. Una urefu wa sentimita 94, bapa limenyooka, lina makali pande mbili, ncha yake ni ya mviringo kama ya kijiko, na kila upande una mifuo mitatu, yaani vijifereji vitatu vilivyochongwa kwa urefu wa chuma.

Kabla ya kuusafisha

Usiusafishe. Nalisema hili kwanza kwa sababu ndilo kosa linaloharibu ushahidi mwingi kuliko mengine yote, na mimi mwenyewe nililitenda miaka mingi iliyopita, nilipochukua msasa na mafuta ya taa nikaling'arisha bapa la upanga wa Kimandinka hadi likameta, kisha nikagundua kwamba maandishi membamba yaliyokuwa mgongoni mwake yamebaki herufi mbili. Kutu nyeusi iliyotulia ni sehemu ya historia ya chuma. Vumbi lililoingia kwenye mishono ya ngozi, nta, jasho lililokauka kwenye mpini, hata karatasi chakavu iliyobandikwa alani, vyote ni mashahidi. Namba ndogo iliyoandikwa kwa rangi nyeupe au nyekundu karibu na mpini aghalabu ni namba ya makumbusho au ya mkusanyaji wa zamani, na yaweza kukufikisha kwenye daftari lenye tarehe na jina la mahali.

Fanya kazi yako kwenye nuru ya mchana, karibu na dirisha. Uwe na kioo cha kukuzia, tepu ya kupimia, sumaku, mizani, kamera na daftari. Vaa glavu, hasa ikiwa upanga umepitia makumbusho ya zamani, kwa kuwa ngozi na manyoya viliwahi kutiwa sumu ya aseniki ili visiliwe na wadudu. Usijaribu kulikunja bapa ili kuona kama litarudi, hata kama umesikia wauzaji wakisema kwamba bapa la Ulaya hujulikana kwa kunesa. Bapa la kale linaweza kuwa na ufa usioonekana, nalo likivunjika halirudi.

Pima urefu wote, urefu wa bapa, kisha upana na unene wake mahali patatu: chini kabisa penye kikingio cha mkono, katikati, na sentimita 10 kabla ya ncha. Vipimo vya unene ndivyo watu wengi huvisahau, ilhali ndivyo vinavyosema mengi. Bapa lililofuliwa kwa nyundo kwa kawaida hupungua unene kadiri linavyokaribia ncha, kwa kuwa fundi alitaka upanga usiuchoshe mkono. Bapa lililokatwa kwenye bamba la kiwandani huwa na unene uleule tangu mwanzo hadi mwisho.

Umbo linakuambia ukoo

Hatua ya pili ni kuupeleka upanga kwenye ukoo wake. Afrika Magharibi ni pana, lakini panga zinazowafikia wanunuzi mara nyingi ni za koo chache.

Ukoo ulioenea zaidi ni ule wa Saheli, ukanda ulio kusini mwa Sahara, ambao Watuareg huuita takoba na Wahausa takobi. Bapa lake limenyooka na lina makali pande mbili, na kikingio cha mkono ni kama kisanduku cha pembe nne, kipana na kizito, kinachouficha mwanzo wa bapa. Umetumiwa na Watuareg, Wahausa, Wafulani na Wanupe, tangu Mali hadi kaskazini mwa Kameruni. Upanga wa rafiki yangu ni wa ukoo huu.

Watu wengi huuchanganya na kaskara ya Sudani, ambayo nayo ina bapa lililonyooka lenye makali pande mbili na kwa hiyo wauzaji huziita zote mbili kwa jina lolote linalowajia. Tazama kikingio. Cha kaskara ni msalaba wa chuma wenye mikono inayopanuka mwishoni, na una ndimi mbili fupi zinazolala juu ya bapa, huku mwisho wa mpini ukiwa wa duara na uliosawazika kama kifuniko. Ala ya kaskara hupanuka kama jani karibu na ncha. Kaskara nyingi zilifika Uingereza baada ya Waingereza kushinda vita vya Omdurman, Sudani, mwaka 1898, hivyo ukikuta upanga wa namna hiyo kwenye mnada wa huko, wazo la kwanza liwe Sudani, ingawa kaskara zilivaliwa pia Chad.

Upande wa magharibi zaidi, kwa Wamandinka wa Mali, Guinea, Senegali, Gambia na Sierra Leone, utakuta kitara, yaani upanga uliopinda wenye makali upande mmoja. Mpini wake hauna kikingio chochote, na uzuri wake wote umo katika ngozi: ala iliyochongwa na kupambwa kwa ustadi mkubwa, ikapanuka kuelekea ncha, na mikanda yenye vishada. Katika misitu na pwani ya kusini mambo hubadilika kabisa, kwa kuwa huko panga nyingi tulizorithi ni za heshima wala si za vita. Nitazieleza mbele, kwa sababu kanuni zake za umri ni tofauti.

Kusoma bapa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Swali la kwanza ni kama bapa lilifuliwa Afrika au Ulaya, na swali hilo hujibiwa na mifuo kabla ya alama. Ulaze upanga ili nuru ipite kwa mshazari juu ya chuma, kisha fuata mfuo mmoja kwa jicho tangu mwanzo hadi mwisho. Mifuo ya karakana kubwa za Ulaya huenda sambamba, kina chake ni kimoja, na huishia mahali pamoja pande zote mbili. Mifuo iliyochimbwa na mhunzi wa Saheli kwa patasi na tupa huyumba kidogo, mmoja huishia mapema kuliko mwenzake, na ndani yake kioo cha kukuzia huonyesha mikwaruzo mifupi ya chombo. Simdharau mhunzi huyo hata kidogo. Kufua bapa la karibu mita moja bila mashine ni kazi ya bingwa. Nasema tu kwamba mkono huacha alama yake, nasi tunaitafuta.

Katika chuma kilichoyeyushwa kwa njia ya asili, kwa makaa na mivukuto, huonekana pia nyuzinyuzi nyeusi zinazokwenda kwa urefu wa bapa. Hayo ni mavi ya chuma, mabaki ya takataka ya tanuri yaliyonyooshwa na nyundo. Yakionekana wazi, bapa ni la mhunzi aliyetumia chuma cha zamani. Chuma laini kisicho na nyuzi zozote, chenye unene usiobadilika, pengine kimetokana na springi ya lori, kama ambavyo wahunzi wa kwetu hutengeneza mapanga na majembe hadi leo. Bapa la springi haliwezi kuwa la kabla ya karne ya 20, kwa sababu rahisi kwamba malori hayakuwapo.

Ukishajiridhisha kwamba bapa ni la Ulaya, usikimbilie karne ya 16. Biashara ya mabapa kuvuka Sahara na kupitia bandari za Atlantiki iliendelea kwa muda mrefu sana. Heinrich Barth, msafiri wa Kijerumani aliyefika Kano mwaka 1851, aliandika kwamba mabapa ya Solingen yaliletwa pale na mafundi wa Kano wakayatia mipini na kuyauza mbali. Maana yake ni kwamba bapa la Ulaya kabisa, halali kabisa, linaweza kuwa lilitengenezwa katika karne ya 19 kwa ajili ya soko la Afrika, kwa kufuata umbo la zamani ambalo wanunuzi waliliamini.

Sasa njoo kwenye alama. Iliyo maarufu kuliko zote ni nusumwezi mbili zinazopeana migongo, wakati mwingine zikiwa na sura ya mtu au vijino kama kope. Alama hii ilipigwa na mafundi wa Ulaya, kisha ikanakiliwa na wahunzi wa Saheli kwa vizazi vingi kwa kuwa mnunuzi aliitafuta. Ili kuzitofautisha, tazama kina cha mistari. Alama ya Ulaya ilipigwa kwa muhuri mmoja wa chuma kabla bapa halijang'arishwa, hivyo mistari yote ina kina kimoja na kingo zake zimelainika. Alama iliyonakiliwa kwa kawaida imechorwa kwa mapigo kadhaa ya patasi ndogo: mapigo yanapandana, kingo zimeinuka, na miezi miwili haifanani kwa ukubwa. Katika upanga wa rafiki yangu mwezi wa kushoto una mapigo manne na wa kulia una matano, na pigo la mwisho limeteleza likaacha mkwaruzo mdogo kama mkia. Mkwaruzo huo ulinipa furaha kubwa, kwa sababu uliniambia kwamba alama hizi zilitiwa na mkono wa Mwafrika, juu ya bapa ambalo mifuo yake ni ya Ulaya.

Mbwamwitu anayekimbia, aliyechorwa kwa mistari michache na pengine kujazwa shaba, ni alama iliyoanzia Passau, Ujerumani, na baadaye ikatumiwa na Solingen, nayo pia ilinakiliwa mno. Maandishi ya majina hayaaminiki zaidi ya picha. Jina la Andrea Ferara, fundi wa Belluno, Italia, wa karne ya 16, liliandikwa na mafundi wa Ujerumani kwa miaka mingi baada yake kama ahadi ya ubora. Ukilikuta, umepata habari za biashara, si saini ya fundi.

Maandishi ya kiwandani ni jambo jingine, kwa kuwa hayo hutoa tarehe. Vitara vingi vya Wamandinka vimetumia mabapa ya jeshi la Ufaransa, na mabapa hayo mara nyingi yana mwandiko mwembamba mgongoni unaotaja kiwanda, kama Klingenthal au Châtellerault, pamoja na mwezi na mwaka. Hata pale mwaka umefutika, neno linaloeleza mwenye kiwanda linasaidia: «Impériale» ni la zama za Napoleon wa kwanza, 1804 hadi 1815, au za Napoleon wa tatu, 1852 hadi 1870, na «Royale» ni la zama za wafalme. Kiwanda cha Châtellerault kilianzishwa mwaka 1819, hivyo «Impériale» pamoja na Châtellerault haiwezi kuwa ya Napoleon wa kwanza. Vilevile maneno «MADE IN GERMANY» yalianza kulazimishwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 kuhusu alama za bidhaa, kwa hiyo bapa lenye maneno hayo si la kabla ya hapo.

Kumbuka kwamba tarehe ya bapa inakupa mpaka wa upande mmoja tu. Bapa la mwaka 1830 linakuhakikishia kwamba upanga mzima haukukamilika kabla ya mwaka 1830. Ulikamilika lini baada ya hapo, mpini ndio utakaokuambia.

Jambo la mwisho katika bapa ni kuchakaa. Upanga ulionolewa kwa miaka mingi hupoteza upana, na hupoteza zaidi katikati na kuelekea ncha, mahali palipotumika. Linganisha upana wa chini ya kikingio, ambapo jiwe la kunoa halikufika, na upana wa katikati. Mfuo wa pembeni unapokuwa karibu sana na makali, ujue chuma kingi kimekwenda na mawe ya kunolea. Katika upanga tunaousoma tofauti ni milimita 6, na upande mmoja umeliwa kuliko mwingine.

Mpini na kiungo chake

Mpini ndio unaosema upanga ulikuwa wa nani. Kama ningelazimika kuchagua sehemu moja tu ya kuueleza upanga, ningechagua mpini.

Anza na kiungo. Mabapa mengi yaliyofika Saheli yalikuwa na msuka, yaani kile kipande cha chuma kinachoingia ndani ya mpini, mfupi au uliovunjika, na mafundi wa huko waliyaunga kwa vibamba viwili vya chuma vilivyolibana bapa pande mbili na kufungwa kwa ribiti. Chungulia chini ya kikingio kwa tochi, uone kama kuna ribiti na vibamba hivyo. Vikionekana, umepata ushahidi kwamba bapa hili limewahi kubadilishiwa mpini, pengine zaidi ya mara moja, na kwamba kuna mtu aliyeliona lina thamani ya kutengenezwa. Wauzaji wengine huliita tengenezo hilo kasoro. Kwangu mimi ni mojawapo ya dalili bora za uhalali.

Kisha tazama vifuniko. Kwa Watuareg kikingio na mshiko hufunikwa kwa ngozi, au huwa na shaba ya manjano na shaba nyekundu zilizopangwa pamoja kwenye kifundo cha mwisho wa mpini; husemwa kwamba hawapendi kugusa chuma kwa mkono mtupu, na kwa kweli mipini yao imetengenezwa kana kwamba sharti hilo linafuatwa. Kazi hiyo ni ya inadan, tabaka la wahunzi ambao wake zao ndio hushona ngozi. Kwa Wahausa na Wanupe shaba ya manjano hutawala, ikikunjwa kuzunguka kikingio chote na kuchorwa mistari na nukta, na mji wa Bida wa Wanupe umejulikana kwa kazi ya shaba kwa muda mrefu. Usichukulie mipaka hii kama ukuta, kwa maana upanga uliuzwa, ulitekwa na ulitolewa zawadi.

Kwa umri, tafuta vitu ambavyo tarehe yake ya kuanza inajulikana. Alumini ilianza kupatikana kwa bei nafuu baada ya mwaka 1886, na katika mafundi wa Saheli ni dalili ya karne ya 20. Skrubu ya star, ile yenye msalaba kichwani, ni ya miaka ya 1930 na kuendelea. Uzi wa nailoni ni wa baada ya mwaka 1938. Vitu hivi vikiwa katika sehemu ya msingi ya mpini, mpini hauwezi kuwa na umri mkubwa zaidi ya hivyo. Vikiwa katika tengenezo dogo la pembeni, vinaeleza umri wa tengenezo hilo tu. Kutofautisha mambo haya mawili kunahitaji subira: uliza kama kitu hicho kikiondolewa mpini utabaki umesimama.

Tahadhari moja juu ya sarafu. Riale ya Maria Theresa ilipendwa Saheli kama ilivyopendwa Unguja, na fedha yake iliingia katika mapambo mengi. Imeandikwa mwaka 1780 daima, kwa kuwa iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo hadi karne ya 20. Upanga wenye sarafu hiyo si wa mwaka 1780 kwa sababu ya sarafu.

Ala

Ngozi huchakaa haraka kuliko chuma, hivyo ala kwa kawaida ndiyo sehemu changa zaidi. Uliza kwanza kama ala na upanga ni wenzi wa kweli. Ingiza upanga taratibu: je, umbo la ncha linafuatana na umbo la mwisho wa ala? Je, mdomo wa ala una makato ya ndani yaliyofanywa na makali yenyewe kwa miaka ya kuchomoa na kurudisha? Mdomo safi kwa upanga uliochakaa ni ndoa ya dukani. Ngozi ya kijani kibichi pamoja na vipande vya shaba vilivyochorwa inaelekeza kwa Watuareg. Ngozi nyekundu yenye vishada vingi na mkanda mpana wa begani inaelekeza kwa Wahausa, ambao hadi leo huvaa panga hizi katika maandamano ya farasi ya sikukuu za Idi. Kwa sababu zingali zinavaliwa, zingali zinatengenezwa, na takobi ya mwaka jana ni halali sawa na ya babu yake. Tatizo huanza pale inapouzwa kwa umri wa babu.

Panga za heshima za kusini

Kwa Waasante wa Ghana, afena ni upanga wa utawala. Bapa lake ni pana, limepinda, aghalabu limetobolewa mapambo na halina makali. Mpini ni wa mti wenye matufe mawili, ukafunikwa kwa karatasi nyembamba ya dhahabu. Upanga uitwao Mponponsuo ndio ambao Asantehene, mfalme wa Waasante, huapia. Hapa umbo halitoi tarehe hata kidogo: Christoph Weickmann, mfanyabiashara wa Ulm nchini Ujerumani ambaye orodha ya mkusanyo wake ilichapishwa mwaka 1659, alikuwa na upanga wa Kiakan, yaani wa jamii kubwa ambayo Waasante ni sehemu yake, na umbo la ukoo huo linaendelea kufuliwa leo. Mti na dhahabu hubadilishwa kila vinapochakaa, hivyo afena yenye mpini mpya inaweza kuwa na bapa la kale sana. Tazama unene wa bapa na kingo za matundu. Mashimo yaliyokatwa kwa patasi yana kingo zisizolingana. Yaliyokatwa kwa grenda yana mikwaruzo myembamba iliyopinda kwa pamoja, na mpini wake mara nyingi umepakwa rangi ya dhahabu badala ya dhahabu.

Katika Jiji la Benin, Nigeria, kuna eben, yenye bapa pana kama jani lililotobolewa na pete mwishoni mwa mpini, na ada, upanga wa mamlaka. Zote mbili zinaonekana katika mabamba ya shaba ya kasri yaliyotengenezwa karne ya 16 na 17, na machifu bado huchezesha eben mbele ya Oba, mfalme wao. Kwa Wayoruba upanga huitwa ida, na kwa Wafon wa Dahomey, ufalme uliokuwa katika nchi ya Benin ya leo, kuna gubasa, upanga wa Gu, mungu wa chuma na vita. Kwa panga za namna hii, historia ya umiliki ina uzito kuliko uchunguzi wowote wa chuma. Majeshi ya Uingereza yalipora Kumasi, mji mkuu wa Waasante, mwaka 1874 na Benin mwaka 1897, na Wafaransa waliiteka Dahomey kati ya mwaka 1892 na 1894. Barua, picha au risiti inayoufungamanisha upanga na miaka hiyo ni ushahidi wa umri, na papo hapo ni ushahidi wa mali iliyochukuliwa kwa nguvu. Mwenye upanga wa aina hiyo aandikie Tume ya Taifa ya Makumbusho na Mambo ya Kale ya Nigeria, au bodi ya makumbusho ya Ghana, kabla ya kufikiria kuuza. Mwaka 2024 makumbusho mawili ya London yalipeleka vitu 32 vya Waasante Kumasi, vikaonyeshwa katika makumbusho ya Kasri la Manhyia, lakini kwa mkopo tu. Mtu binafsi hana kanuni za makumbusho zinazomfunga. Anaweza kurudisha kabisa.

Mpini wa pembe za ndovu una sheria zake: biashara ya kimataifa ya pembe hizo imezuiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 1990, na upanga wa kale hauruki mpaka bila vibali.

Uzee wa kutengenezwa

Kutu ya kweli haienei sawasawa. Huwa nyingi pale ngozi iliposhika unyevu, karibu na mdomo wa ala na chini ya kikingio, na kidogo pale mkono ulipopita. Upanga ulioloweshwa kwenye asidi huwa na vitundu vinavyolingana kila mahali, na rangi yake ni nyekundu ya matofali badala ya nyeusi. Nusa pia: ngozi iliyofukizwa moshi ili ionekane ya kale hubaki na harufu ya moshi hata ndani ya ala, na chai au kahawa iliyopakwa huacha ukingo pale ilipokomea. Uchakavu uliofanywa kwa tupa hukaa mahali jicho linapotazama, wakati wa kweli hukaa mahali mkono unaposhika.

Kuandika ulichokiona

Mwisho wa kazi andika sehemu tatu kwa mafungu matatu, kila moja na ushahidi wake, na umri wake uutaje kwa kipindi wala si kwa mwaka mmoja. Kwa upanga wa rafiki yangu niliandika hivi:

«Takoba. Bapa: la Ulaya, la biashara, karne ya 18 au 19, mifuo mitatu sambamba, imeishia pamoja pande zote. Miezi miwili imechorwa Afrika kwa patasi. Limenolewa sana, limepungua milimita 6. Mpini: wa Kihausa, karne ya 19 mwishoni au 20 mwanzoni, shaba ya manjano iliyokunjwa na kuchorwa, hakuna alumini, ribiti tatu na vibamba vya kuungia chini ya kikingio, hivyo si mpini wa kwanza wa bapa hili. Ala: ya Kituareg, karne ya 20, ngozi ya kijani; imeshonwa upya kwa nailoni sentimita 12 za mwisho. Ala haikutengenezwa kwa upanga huu: ncha ya bapa ni ya mviringo, ya ala imechongoka.»

Vita vya Msalaba havimo, kwa sababu Akka, ngome kuu ya mwisho ya wapiganaji hao, ilianguka mwaka 1291, na mabapa ya mifuo mitatu ya namna hii ni ya karne nyingi baadaye. Rafiki yangu aliisoma karatasi mara mbili, akauliza ribiti zile ziko wapi, akachungulia kwa tochi mpaka akaziona. Kisha akaongeza chini yake, kwa mkono wake, mtaa alikoununua, tarehe na bei aliyolipa, akaikunja na kuiweka ndani ya sanduku pamoja na upanga.